Kondoo wa maskini mbele ya sheria: haki gani mnyama wa nyumbani anapouawa kwa ukatili?

Kuna swali ambalo waamini wanatuletea sisi wachungaji mara nyingi kuliko watu wanavyofikiri. Jirani ametega nyama yenye sumu, na asubuhi mbwa wa nyumba amekutwa amekufa. Vijana wa kartie wamemfunga paka ndani ya mfuko na kumtia moto, wakisema ni paka wa mchawi. Mlevi amemkata panga mbwa wa mjane kwa sababu alimbwekea usiku. Watoto wanalia, hawataki kula, na baba wa familia anauliza: Mchungaji, jambo kama hili linapelekwa wapi? Tena anaongeza kwa sauti ya chini: si tutachekwa, wakati watu wenyewe wanauawa na hakuna anayehukumiwa?

Jibu letu ni hili: jambo hilo linapelekwa mbele ya sheria, na hakuna aibu ndani yake. Lakini tunapaswa kujua tunatafuta nini. Kulipwa bei ya mnyama ni sehemu ndogo tu ya haki. Sehemu kubwa ni kwamba ukatili uitwe ukatili mbele ya watu wote, kabla haujahama kutoka kwa mnyama kwenda kwa mwanadamu.

Mbwa Bruno na mahakama ya Kerala

Tuanze mbali kidogo, katika jimbo la Kerala, kusini mwa India, kwa sababu huko kesi ya mbwa mmoja ilifika juu kabisa na inatufundisha mengi. Mwishoni mwa mwezi wa sita 2021, kwenye ufuko wa Adimalathura, kijiji cha wavuvi, mbwa aliyeitwa Bruno alitundikwa kwenye mashua kwa ndoana ya kuvulia samaki, akapigwa kwa fimbo mpaka akafa, kisha mwili wake ukatupwa baharini. Alikuwa mbwa wa nyumbani, mwenye jina na familia. Mtu alipiga video, na video ile ikazunguka nchi nzima. Polisi wakakamata watu watatu.

Jambo lingeweza kuishia hapo, lakini Mahakama Kuu ya Kerala haikungoja kuletewa mashtaka. Majaji wawili walilichukua jambo hilo wao wenyewe mwanzoni mwa mwezi wa saba, kisha wakaagiza kesi iitwe kwa jina la Bruno, ili mbwa yule akumbukwe. Na hawakuishia kuuliza nani alishika fimbo. Waliiuliza serikali ya jimbo: bodi inayopaswa kulinda wanyama iko wapi, nayo inafanya kazi gani? Waliagiza serikali za mitaa ziwaandikishe wanyama wa nyumbani pamoja na wenye kuwafuga. Kwa maneno mengine, kifo cha mbwa mmoja kiligeuka swali juu ya uzembe wa viongozi.

Kesi ile ilifunua pia kasoro ya zamani katika sheria za India. Sheria yao ya kuzuia ukatili kwa wanyama, ya mwaka 1960, iliweka kwa kosa la kwanza faini ya kuanzia rupia 10 hadi 50. Rupia 50 leo hazifiki dola moja ya Marekani. Wakati huohuo kitabu chao cha adhabu kilichotungwa na Waingereza mwaka 1860 kilitoa kifungo cha hadi miaka miwili kwa anayeua mnyama mwenye thamani ya rupia 10 au zaidi, na hadi miaka mitano kwa anayeua ng'ombe, farasi, au mnyama mwingine wa rupia 50 na kuendelea. Ona maana yake: kumtesa kiumbe kulikuwa karibu bure, bali kuharibu mali ya mtu kulikuwa ghali. Sheria ilimpima mnyama kwa mizani ya soko.

Kitabu kipya cha adhabu cha India, kilichoanza kutumika tarehe 1 mwezi wa saba 2024, kimeondoa vile vipimo vya rupia. Sasa anayeua mnyama yeyote kwa nia mbaya, awe wa bei kubwa au asiye na bei, anaweza kupewa kifungo cha hadi miaka mitano. Hata hivyo, kosa lenyewe bado limewekwa miongoni mwa makosa ya kuharibu mali. Hatua imepigwa, lakini safari haijaisha.

Sheria yetu inaona mali

Na sisi huku Kongo? Kitabu chetu cha adhabu, ambacho shina lake ni dekreti ya tarehe 30 mwezi wa kwanza 1940, kinamgusa anayeua au kujeruhi vibaya mnyama wa kufugwa wa mtu mwingine kwa ubaya na bila lazima. Kwa hiyo si kweli, kama wengine wanavyosema pale kwenye ofisi ya kartie, kwamba kuua mbwa wa mtu si kosa. Ni kosa. Lakini angalia limewekwa wapi: katika fungu la makosa juu ya mali, pamoja na wizi, kuchoma nyumba na kuharibu mazao. Anayetambuliwa kuwa ameumizwa ni mwenye mbwa.

Upo pia mlango wa pili. Kitabu chetu cha sheria za madeni na mapatano, kilichotoka katika dekreti ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, kinasema katika kifungu cha 258 kwamba mtu anayemletea mwingine hasara kwa kosa lake analazimika kuitengeneza. Hasara hiyo si ya mfukoni tu. Tribinali zetu zinajua pia kulipisha kwa ajili ya maumivu ya moyo. Mama aliyepoteza mbwa aliyelinda nyumba yake, au mtoto aliyeona paka wake akichomwa, ana neno la kusema mbele ya hakimu.

Tatizo liko katika njia ya kufika huko. Kwa kuwa sheria inaona mali, swali la kwanza linaloulizwa ni hili: mbwa wako alikuwa bei gani? Mbwa wengi wa kwetu hawakununuliwa. Alizaliwa kwa jirani, akaletwa akiwa mdogo, akakua kwa mabaki ya fufu na mifupa. Bei yake ni sifuri. Basi mwenye kosa anacheka, anatoa franka kidogo za bia, na shefu anasema mambo yameisha. Na kama mnyama hana mwenyewe, au kama anayemtesa ndiye mwenyewe, mlango huu wa mali hausaidii kitu.

Wapo wanyama wengine ambao nchi imewatazama kwa macho tofauti. Sheria ya tarehe 11 mwezi wa pili 2014 juu ya ulinzi wa viumbe vya asili inawasimamia wanyama wa porini waliolindwa, na sokwe wakubwa wa Virunga ni urithi wa taifa zima. Walipopigwa risasi sokwe wa familia ya Rugendo mwezi wa saba 2007, dunia yote ilisikia. Tunashukuru kwa ulinzi huo. Lakini mnyama anayelala mlangoni petu, anayetujua kwa harufu na kwa sauti, amebaki katikati: si urithi wa taifa, na sokoni hana bei.

Nani atasema kwa niaba yake?

Afrika ya Kusini walikutana na swali jingine. Wakaguzi wa shirika linalopinga ukatili kwa wanyama waliona ngamia wawili wakichinjwa vibaya katika ibada. Waliomba waendesha mashtaka wa serikali wafungue kesi, nao wakakataa. Shirika likauliza: basi turuhusiwe kushtaki sisi wenyewe. Mahakama za chini zikasema hapana, kwa sababu ruhusa ile ni ya mtu binafsi, na shirika si mtu. Tarehe 8 mwezi wa kumi na mbili 2016 Mahakama ya Katiba ilitoa uamuzi tofauti: shirika hilo lina haki ya kushtaki, kwa kuwa sheria ililiunda kwa kazi hiyohiyo.

Tunaliweka jambo hili mbele yenu kwa sababu ya wazo lililo ndani yake. Mnyama hana kinywa mbele ya hakimu. Kama mtu au chombo fulani hakikupewa kazi ya kumsemea, sheria nzuri itabaki karatasi. Na mkristo anayesoma Biblia yake anajua kwamba kuwasemea wasio na sauti si kazi ngeni kwake.

Kesi ambayo Nathani alimletea Daudi

Biblia ina kesi ya namna hii hasa, nayo imewekwa mahali pazito sana: 2 Samweli 12. Mara nyingi tunaihubiri kama hadithi ya uzinzi wa Daudi na kuuawa kwa Uria, na ndivyo ilivyo. Lakini angalia nabii alichukua mfano gani. Hakuchagua shamba lililoibiwa wala nyumba iliyochomwa. Alisimulia juu ya maskini mwenye mwana-kondoo mmoja tu, ambaye alikula chakula cha maskini yule, akanywa katika kikombe chake, akalala kifuani pake, akawa kwake kama binti. Kwa lugha ya leo, yule hakuwa mfugo wa kuuza. Alikuwa mnyama wa nyumbani aliyependwa. Tajiri mwenye makundi akamchukua na kumchinja kwa ajili ya mgeni wake.

Daudi alidhani ni kesi ya kweli iliyoletwa mbele ya mfalme ili aihukumu, na hukumu yake ina sehemu mbili. Kwanza, yule tajiri alipe mara nne. Hiyo ni torati: Kutoka 22 inaagiza kondoo wanne kwa kondoo mmoja aliyeibwa na kuchinjwa. Pili, mfalme anasema mtu huyo anastahili kufa, na anatoa sababu: hakuwa na huruma. Sehemu hii ya pili haimo katika torati ya wizi. Daudi, mfugaji wa zamani aliyepigana na simba kwa ajili ya kondoo, aliona mara moja kwamba kondoo wanne hawamalizi jambo lile. Kulikuwa na hasara, na kulikuwa na ukatili, na viwili hivyo si kitu kimoja.

Hatusemi kwamba auaye mbwa auawe. Nathani mwenyewe hakuja kutafuta kifo cha mtu. Tunasema kwamba Neno la Mungu linatufundisha kutenganisha mambo ambayo ofisi ya kartie inayachanganya: bei inalipa mali, lakini haigusi kukosa huruma. Na tazama mwisho wa mfano: mtu anayeweza kumchinja kondoo wa maskini bila kuhisi kitu ni yuleyule aliyemtuma Uria akafe vitani. Nabii alipita kwa kondoo ili aufikie uhai wa mwanadamu.

Maandiko mengine yanakwenda njia hiyohiyo. Mithali 12:10 inamtambua mwenye haki kwa jinsi anavyojali uhai wa mnyama wake. Kutoka 23 inaamuru kumsaidia punda aliyelemewa na mzigo hata kama ni wa mtu anayekuchukia, na inampa ng'ombe pumziko la sabato pamoja na mtumishi na mgeni. Kumbukumbu la Torati 25:4 inakataza kumfunga kinywa ng'ombe anapopura nafaka. Na kitabu cha Yona kinamalizika kwa Mungu kuuhurumia mji wa Ninawi, akiwahesabu pia wanyama wake. Kuchinja kwa chakula kumeruhusiwa, na si hilo tunalozungumzia. Mbwa mwenye kichaa anayehatarisha watoto naye ni jambo jingine: hiyo ni lazima, na sheria inaijua. Tunazungumzia kuua kwa ubaya, kwa hasira, kwa mchezo au kwa ushirikina.

«Watu wanakufa, nanyi mnalilia mbwa?»

Tunalisikia neno hili, na hatulidharau. Linatoka kwa watu wa Beni, Ituri, Rutshuru na kwingine ambao wamezika ndugu zao bila kuona hukumu yoyote. Mtu aliyepoteza mtoto ana haki ya kushangaa tunapoandika juu ya paka. Kwake tunasema kwa heshima: uhai wa mwanadamu ni wa thamani kuliko huo, Bwana Yesu mwenyewe alisema hivyo juu ya shomoro. Lakini alisema pia kwamba Baba hamsahau hata mmoja wao.

Historia nayo inatuonyesha kwamba huruma hizi mbili hazinyang'anyani nafasi. Shirika la kwanza kubwa la kupinga ukatili kwa wanyama lilianzishwa London mwaka 1824 na mchungaji wa Kianglikana, Arthur Broome, ambaye baadaye alifungwa gerezani kwa sababu ya madeni ya shirika hilo. Kati ya waliokaa naye mezani alikuwapo William Wilberforce, yuleyule aliyepigana maisha yake yote na biashara ya watumwa. Miaka hamsini baadaye, mwaka 1874, huko New York, mama mmoja wa kazi ya misioni ya Kimethodisti, Etta Wheeler, alihangaika kumwokoa msichana mdogo aliyekuwa akipigwa na mlezi wake. Kila ofisi ilimrudisha. Mwishowe alimwendea Henry Bergh, mwanzilishi wa shirika la kulinda wanyama, naye akasaidia kulifikisha jambo hilo kwa hakimu. Mtoto akaokolewa, mlezi akafungwa, na kutoka hapo likazaliwa shirika la kulinda watoto. Waliojifunza kumsemea farasi walikuwa tayari kumsemea mtoto.

Kwetu ushirikiano huo tunauona upande wake wa giza. Paka anachomwa kwa sababu wanasema ni mchawi. Baada ya siku chache watu wanauliza: alikuwa paka wa nani? Nao wanamwendea bibi kizee. Mwaka 2021 habari za wanawake waliouawa kwa tuhuma za uchawi huko Kivu ya Kusini zilisikika hata nje ya nchi. Na watoto wangapi wamefukuzwa nyumbani kwa tuhuma hiyohiyo, ingawa sheria ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwadhibu anayemsingizia mtoto uchawi? Wako wahubiri wanaowasha moto huu kwa mahubiri yao. Mhubiri anayeshangilia paka akiungua anawafundisha vijana hatua ya kwanza. Kama jamii ingesimama kwenye paka na kusema hapa hapana, bibi yule angepata ukuta mmoja wa kumkinga.

Kuna sababu nyingine. Mahali ambapo haki haipatikani, kisasi hakichelewi. Leo mbwa amepewa sumu, kesho mbuzi wa upande wa pili amekatwa miguu, keshokutwa nyumba inaungua, na kabila zinatajwa. Kupeleka jambo dogo mbele ya sheria ni kuzima moto ungali jiko moja.

Basi tufanye nini?

Kwanza, usilipize. Usitege sumu, usikusanye vijana, usitangaze jina la mtu kwenye simu za watu kabla ya ushahidi.

Pili, tunza ushahidi. Piga picha za mnyama na mahali alipokutwa, pamoja na tarehe. Mwite daktari wa mifugo, kama yupo karibu, aandike alichokiona, hasa kama ni sumu. Andika majina ya walioona. Kadi ya chanjo inasaidia kuonyesha kwamba mnyama ni wako na kwamba ulimtunza.

Tatu, peleka malalamiko kwa OPJ au parke, kwa maandishi, na ubaki na nakala. Usichelewe: kwa kosa ambalo adhabu yake haipiti mwaka mmoja, haki ya kushtaki inapotea mwaka mmoja ukipita. Kama OPJ anapendekeza faini ya kumaliza jambo, faini hiyo ni ya hazina ya serikali, kwa hiyo risiti itolewe. Aliyedhulumiwa anaweza pia kumwita mkosaji moja kwa moja mbele ya tribinali ya amani, na kuomba fidia katika kesi hiyohiyo. Uliza avoka, au wale wa kanisa wanaojua sheria.

Nne, kama mnachagua mapatano mbele ya shefu au wazee wa kanisa, yasiwe mapatano ya bia. Mkosaji akiri wazi alichofanya. Alipe, hata kama mbwa hakuwa na bei. Aahidi mbele ya watu, na iandikwe. Tangu mwanzo wa mwaka 2025, vita ilipofika Goma na Bukavu, familia nyingi hazina tena tribinali waliyoizoea, na wazee hawa ndio wamebaki kimbilio. Basi wasihukumu kwa kupima mfuko tu.

Tano, haki ina pande mbili. Kitabu hicho hicho cha sheria kinamdai mwenye mnyama alipe hasara ambayo mnyama wake ameileta. Mfunge mbwa wako, mchanje dhidi ya kichaa, usimwache atafune kuku wa mjane. Anayetaka sheria imlinde mbwa wake aanze kwa kumlinda jirani na mbwa wake.

Na kwa wabunge wetu, hasa wale wanaoketi nasi kanisani, tunaomba jambo moja: sheria itakayoutazama ukatili wenyewe, bila kuuliza kwanza mnyama ni wa nani na aliuzwa bei gani, na itakayotaja wazi ni nani mwenye kazi ya kushtaki kwa niaba yake.

Waswahili husema mnyonge hana haki. Sheria ya Mungu ilikuja kuukanusha usemi huo, kuanzia kwa mgeni, mjane na yatima, hadi kwa ng'ombe anayepura nafaka. Baba wa familia aliyeuliza aende wapi, aende kwa OPJ na karatasi yake mkononi bila kuona haya, na mzee mmoja wa kanisa aandamane naye.

Neema ya Bwana wetu Yesu Kristo iwe nanyi nyote.